Vitabu vinavyosifiwa na kila mtu ila mimi vimenishinda kumaliza (na si kwamba sisomi)

Mama Vitenge wa Makoroboi (mleta uzi)

Habari zenu wakuu, na mwangaluka kwa wale wa kwetu. Nina dukuduku naomba nilitemee hapa maana nyumbani hakuna wa kunielewa, mume wangu anajua kitabu kimoja tu, cha madeni.

Mi ni msomaji. Sio wa kujisifia, ni ugonjwa kabisa. Nauza vitenge pale Makoroboi hapa Mwanza, chini ya meza kuna kiroba cha mzigo na kiroba cha vitabu, na mteja akiuliza bei nikiwa kwenye ukurasa mtamu anaweza akatajiwa bei ya mwaka jana na akaondoka nayo. Nimesoma riwaya za upelelezi ambazo hazina hata jalada, nimesoma vya dini, nimesoma mpaka kitabu cha ufugaji wa kuku wa mayai na sina hata kifaranga. Kwaiyo mtu asije hapa na ile "tatizo lenu hamsomi". Nasoma. Ila kuna vile vitabu vikubwa, vile ambavyo ukivitaja tu watu wanafumba macho kama wameonja asali, mimi vimenishinda kumaliza. Na kuvigawa siwezi, viko kichwani pa kitanda vimenikodolea, kila kimoja nimekichomekea kipande cha kitenge pale nilipoishia, kwaiyo vimekaa pale na ndimi nje za kila rangi kama vinanizomea.

Naanza na The Alchemist, na naomba mnivumilie najua kina wenyewe. Paulo Coelho wa Brazil alikitoa 1988, ni kijitabu chembamba, mtu anayejua kusoma anapanda basi hapa mjini na akifika Shinyanga yuko robo tatu. Mimi nimekianza mara nne. Na mara zote nne naishia sehemu ile ile, duka la vyombo vya kristali kule Tangier. Yule dogo mwenye stori kaibiwa hela zote, kaajiriwa na mzee mwenye duka lililododa juu ya kilima, kafuta vumbi glasi, kashauri waweke kabati la maonyesho nje ili wapita njia waone, halafu akaja na wazo la kuuza chai kwenye zile glasi za kristali maana watu wanapanda kilima wanafika wamechoka wana kiu, biashara ikachanganya mpaka wakaongeza wafanyakazi. Asa hapo wakuu moyo wangu unaruka, hiyo ndo stori yangu mimi, nilianza na vitenge vitano vya mali kauli. Nasubiri afungue tawi! Halafu yeye anaaga. Anaenda kutafuta hazina kwenye mapiramidi kwa sababu aliota. Yaani duka linatembea, mtaji umeupata, unaacha unaingia jangwani na ngamia? Nafunga kitabu. Namkasirikia kama nilivyomkasirikia mdogo wangu alipoacha kibanda chake cha dagaa pale mwaloni Kirumba akaenda kuchimba dhahabu Geita. Sijui hazina aliipata au la, na asiniambie mtu.

Cha pili ni The 48 Laws of Power cha Robert Greene, cha 1998. Hapa mjini vijana wanakibeba kwapani kama leseni, utakikuta kwenye turubai pembeni ya barabara, kopi iliyopauka na kurasa nyingine zimebandikwa kichwa chini. Mi niliishia sheria ya pili, ile inayosema usiwaamini sana marafiki na ujifunze kuwatumia maadui. Sasa sikilizeni. Tunacheza mchezo wa kupeana hela kwa zamu, tuko kumi na wawili, elfu hamsini kila wiki, na kijumbe ni mimi. Jumamosi ile zamu ilikuwa ya shoga yangu ambaye tumejuana tangu hatuna hata meza tunatandaza chini. Hela iko kwenye ndoo ya unga, mi nimekaa na sheria ya pili mkononi, naanza kumchambua, mbona juzi alicheka vile, mbona aliniuliza mzigo wangu nachukua kwa nani. Nikamzungusha. Siku mbili wakuu, namwambia kuna mtu hajatoa na wote wameshatoa. Nilipompelekea akapokea kwa mikono miwili akasema asante mdogo wangu, nilijua tu umebanwa, mtoto nitampeleka shule kesho. Kumbe ilikuwa ada. Nilirudi nyumbani nikakitia kile kitabu chini kabisa ya rundo. Zile sheria 46 zilizobaki wanaozihitaji wapo.

Cha tatu sitokaa nacho sana, One Hundred Years of Solitude cha Gabriel García Márquez, 1967. Lugha tamu kweli, sikatai. Lakini mwanzoni tu wamekuchorea mti wa ukoo, na mwandishi akikuchorea mti ujue kuna msitu. Kuna kanali mle ana watoto wa kiume 17, kila mmoja na mama yake, na wote wanaitwa Aureliano! Mi Msukuma, kurudia majina nakujua, nenda pale Igoma ukaite Masanja wanageuka wanane, ila sisi tuna utaratibu, kuna Masanja wa mashine, Masanja mrefu, Masanja baba Neema. Kule hakuna huruma hiyo. Nimeishia karibu na katikati na sijui niliyekuwa namlilia ni yupi.

Cha nne ndo kilichonifanya nilete uzi. Hiki ni cha jirani zetu hapo ng'ambo ya maji, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na watoto wao Ntulanalwo na Bulihwali, cha mzee Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Aliandika kwa Kikerewe, akamaliza 1945, hakupata wa kukichapa, mwishowe akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, Tanzania Publishing House wakakitoa 1980, na mzee akafariki 1981 akiwa hajakishika. Mtu kasubiri miaka 35. Na mimi ninayeenda Nansio kila baada ya wiki mbili kuuza vitenge, nakula dagaa wa kule, nashindwa kukimaliza. Aibu gani hiyo.

Ni kinene, kurasa zinapita 600. Stori yenyewe inaanza vizuri tu, mtu na mke wake wanapendana, hawajapata mtoto, wakwe wanamchukua binti yao, mume anatakiwa alipe faini ya pombe ndo arudishiwe mke. Basi unajiandaa kwa fujo. Fujo haiji, inakuja pombe! Anakuonyesha hatua kwa hatua, ndizi hivi, vyombo hivi, nani kamwomba nani msaada, wamesalimianaje, kila anayepita njiani anasalimiwa na salamu yote imeandikwa mpaka ya watoto na mifugo. Mi mtu wa mjini nataka mke arudi. Nimekwama kwenye pombe toka mwaka juzi.

Sasa Machi hii niko kwenye meli naenda Nansio, nikakitoa nikasema leo pombe hii inaiva. Pembeni yangu kakaa mzee mmoja na koti zito kama hakuna jua. Nikamsalimia, shikamoo babu, marahaba mjukuu wangu, unasoma nini kinene hivyo? Nikampa. Akakisogeza mbali na macho mkono wote umenyooka, akasoma jina la mwandishi akanyamaza kidogo, halafu akafungua penye kitenge changu akaanza kusoma. Kwa sauti. Taratibu, kidole kinatembea chini ya mstari. Akifika mahali anasimama anatuambia "hapa kasema kweli", anaweka kitabu magotini anakamua hewani kwa mikono miwili, anatuonyesha zile nyasi za kukamulia ndizi zinavyoshikwa, na mtama wa kukaanga unaotiwa baadaye, na kwamba haraka ndo inaharibu pombe. Mama mmoja aliyekuwa na tenga la kuku akasema ongeza sauti babu huku hatusikii. Zile salamu nilizokuwa naziruka, yeye akawa anazisoma na watu pale wanaitikia. WANAITIKIA wakuu, mle mle kitabuni mtu akisalimiwa watu wa melini wanaitikia na kucheka.

Tumefika Nansio mzee bado anasoma, watu wanashuka, mi nahangaika na viroba, nageuka namkuta ameshika mahali kwa kidole hataki kupapoteza. Ningesemaje nipe changu? Nikamwambia kaa nacho babu, safari ijayo utanipa. Akashuka nacho kwapani, kipande cha kitenge changu cha njano kinaning'inia. Sijamwona tena na namba yake sikuchukua, nimepanda meli nne tangu siku hiyo.

Kwaiyo mi ndo hivyo. Nyie vipi vimewashinda? Semeni ukweli, humu hakuna anayemjua mwenzie.

Kijana wa Igoma

Uzi mrefu kuliko hivyo vitabu dada, ila nimeumaliza. Kumbe kusoma naweza.

Sangara Mkavu

Hicho cha Aureliano mi nilikianza 2020 wakati wanaanza lile daraja la Kigongo hadi Busisi, nikawa nakisoma kwenye foleni ya kivuko nikienda Sengerema. Juni 2025 daraja likafunguliwa, kilometa kama tatu juu ya maji, mi nilikuwa ukurasa wa 90. Sasa navuka dakika chache tu, foleni hakuna, na kitabu ndo basi tena. Serikali imenikosesha elimu.

Mama Vitenge wa Makoroboi

😂😂 Sangara utakufa wewe

Mzee wa Kamanga

Mimi naona mmelelewa vibaya. Kitabu ni kama ugali, ukishanawa mikono unamaliza. Enzi zetu ulikuwa unapewa kitabu kimoja darasa zima, unakimaliza usiku kwa koroboi kesho unampa mwenzio. Mnaacha vitabu katikati ndo maana hata ndoa mnaacha katikati.

Mama Vitenge wa Makoroboi

Shikamoo mzee wangu. Na ugali ukiwa umeungua?

Mzee wa Kamanga

Marahaba. Unakula pasipoungua.

Mwalimu Mstaafu

Nimefundisha Kiswahili na fasihi zaidi ya miaka thelathini, naomba kumtetea bibie. Kuna mwandishi Mfaransa, Daniel Pennac, naye alikuwa mwalimu, mwaka 1992 aliandika kitabu ambacho ndani yake ametaja haki kumi za msomaji. Ya kwanza ni haki ya kutosoma, ya pili ni ya kuruka kurasa, ya tatu ndiyo hii ya kutomaliza kitabu. Niliwahi kuzisoma mbele ya darasa nikajuta, wiki ile hakuna aliyeleta kazi.

Na yupo mkutubi wa Seattle, Marekani, anaitwa Nancy Pearl, yeye ana kanuni nzuri zaidi kwa sisi wazee. Kipe kitabu kurasa 50, kisipokushika achana nacho. Ukivuka umri wa miaka 50, toa miaka yako kwenye 100, kinachobaki ndiyo idadi ya kurasa unazodaiwa. Mimi nina 68, kwa hiyo mwandishi ana kurasa 32 za kunishawishi, na mwakani nampunguzia moja. Ukifika 100 unaruhusiwa kuhukumu kwa jalada tu. Mzee wa Kamanga piga hesabu yako.

Mzee wa Kamanga

Umri wangu haukuhusu mwalimu.

Fundi Simu Buzuruga

Mi naungama. A Brief History of Time cha Stephen Hawking, cha 1988. Nilikinunua nikiwa sina hela ya kula, nikajiambia nikikimaliza nitakuwa mtu mwingine. Mwenyewe anasema mle mwanzoni aliambiwa kila hesabu atakayoweka itapunguza wanunuzi nusu, akaweka moja tu, ile ya Einstein. Nikasema basi hiki changu hiki. Nikafika kwenye muda wa kufikirika, mteja akaleta simu imeingia maji, nikashukuru Mungu.

Ila msijione wabaya, kuna mwanahisabati Mmarekani anaitwa Jordan Ellenberg, 2014 aliangalia ile mistari ambayo wasomaji wa Kindle, kile kifaa cha kusomea vitabu, wanaipigia alama, kama alama zimesambaa mpaka mwisho au zimerundikana mwanzo tu. Kadiri asilimia inavyokuwa ndogo ndivyo alama zilivyorundikana mwanzo. Kitabu cha Hawking kikapata asilimia 6.6, na lile kubwa la uchumi la Piketty asilimia 2.4. Alifanya kwa utani na alisema hivyo, haipimi kweli mtu kafika wapi, ila kipimo chake akakipa jina la Hawking huyo huyo. Kwaiyo tuko wengi tulioshukuru Mungu.

Binti wa Malimbe

Dada mbona umemruka Kezilahabi na wakati naye mtu wa Ukerewe? Nagona ilinitoa jasho chuo. Kijitabu chembamba mno, cha 1990, unakiona unasema leo usiku nalala mapema. Unaingia humo unamkuta mtu anatembea kwenye mji hauna watu, mara Plato, mara Nietzsche, mara Darwin, mara kuna paa anakimbizwa. Mi Kiswahili nakijua neno moja moja, yakikaa pamoja simo. Niliandika insha ya kurasa nane kuhusu kitabu ambacho nilifika katikati, na nikapata B+.

Mwalimu Mstaafu

Hilo usilitangaze mwanangu.

Mama Dagaa Igombe

Mleta uzi umesema vya kuchosha na vya kukasirisha. Hakuna ulichoshindwa kumaliza kwa sababu ni kizuri? Mi ninacho ndo maana nauliza.

Mama Vitenge wa Makoroboi

Mama Dagaa umenigusa pabaya. Kipo. Nilikuwa sitaki kukisema.

Rosa Mistika, cha huyo huyo Kezilahabi, 1971. Kiliwahi kupigwa marufuku mashuleni, kwaiyo nyumbani kwa shangazi kilikuwa kinafichwa chini ya godoro na sote tulijua kiko chini ya godoro. Nimekisoma mara nyingi kuliko kitabu chochote, na sijakimaliza hata mara moja. Mle mwanzoni Rosa anapigwa na baba yake kwa sababu ya barua ya mvulana. Dada yangu mkubwa anaitwa Rosa. Na baba yetu naye alikuwa mtu wa fimbo, na barua ilikuwepo, ya kijana wa Bwiru, dada aliificha ndani ya mfuko wa mto na mimi ndo nilimwambia baba. Nilikuwa na miaka tisa, nilidhani nasaidia.

Basi nasoma, nasoma, nikifika pale mchumba wake Charles anapomwacha Rosa nafunga. Mwisho naujua, walinisimulia zamani wasichana wenzangu, najua kwamba anajiua. Lakini nikifunga pale anakuwa bado mzima. Kuna mwaka nilijilazimisha, nikafungua ukurasa unaofuata, nikaona jina tu limeandikwa nikafunga tena nikampigia dada yuko Bariadi, nikamuuliza umekula nini. Akasema wewe umelewa? Nikasema ndio.

Mama Dagaa Igombe

Nimekuelewa mamaa. Changu nitakisema siku nyingine.

Kijana wa Igoma

Duh. Uzi umebadilika ghafla. Kwaiyo ile hazina ya dogo wa Alchemist nikuambie au?

Mama Vitenge wa Makoroboi

NYAMAZA

Sangara Mkavu

Tangier ukienda kituo gani unapanda gari? Nataka nikamsimamie mzee lile duka.

Mama Vitenge wa Makoroboi

Wakuu narudi na mrejesho, imepita wiki na siku kadhaa toka nianzishe huu uzi.

Jana nimeshuka Nansio, nimepanga mzigo pale sokoni, akaja binti wa kama miaka kumi na mbili akasimama anaangalia vitenge vyangu muda mrefu, nikajua mteja. Akatoa kipande cha kitenge cha njano mfukoni akakilinganisha na jora la njano nililonalo. Akauliza, wewe ndo mama wa kitabu? Kumbe babu yake kampa kile kipande amtafute mtu anayeuza kitenge hicho, kila siku ya meli anazungushwa soko zima na kile kitambaa.

Nikamuuliza babu yuko wapi na kitabu kiko wapi. Akasema babu anaumwa miguu, kitabu kiko naye, wanasoma jioni wakishamaliza kula, wanakuja na majirani. Nikamuuliza mmefika wapi. Akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoro. Akasema Bugonoka alisharudi kwake zamani, mtoto ameshazaliwa, sasa hivi wako mbele huko. Na babu amesema shikamoo, akacheka akajirekebisha, babu amesema hujambo, na anaomba umwachie mpaka kiishe kwa sababu akina nyanya hawataki kurukiwa hata ukurasa na wengine wakikosa siku moja inabidi warudiwe.

Nikamuuliza pombe je, ile pombe ilitoka nzuri? Akasema babu aliirudia mara mbili hiyo sehemu kwa ajili ya mzee mmoja ambaye alikataa, alisema kwao walikuwa hawafanyi hivyo, wakabishana mpaka taa ikazimika mafuta.

Nimempa mita moja ya ile njano ampelekee babu awe anachomekea. Meli inayofuata nalala huko huko, binti kasema jioni kuna nafasi kwenye mkeka ila nije na kikombe changu.